Simu mbili zilipokosana, chama cha akina mama Kangundo kilitikisika

Je, msomaji, umewahi kudaiwa deni usilolijua huku umeshika mkononi ushahidi kwamba huna deni? Basi utaielewa hali ya mama mmoja wa Kangundo, Kaunti ya Machakos, Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba, chama chao kilipokutana kufunga hesabu za mwaka.

Mweka hazina alikuwa akisoma kutoka kwenye simu yake, jina baada ya jina. Alipofika kwa mama huyo akatangaza kwamba ana faini ya shilingi mia saba. Mama akatoa simu yake mkobani, akavaa miwani, akafungua programu ileile ya chama, yenye jina lilelile na rangi ileile ya kijani. Faini: sufuri. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono chini ya mwembe. Waliokaa nyuma wakaanza kunong'ona, nawe unajua minong'ono ya chama huelekea wapi. Kabla chai haijaiva, mweka hazina aliyeshika kazi hiyo miaka minane bila doa alikuwa ameshaitwa mwizi, ingawa si kwa neno hilo.

Chama chenyewe kina wanachama 24, wengi wao wakulima wadogo wa kahawa. Kila mmoja huchanga shilingi elfu moja kwa mwezi, kabla tarehe 10 haijaisha, na anayechelewa hutozwa faini ya shilingi mia moja. Sheria ni fupi, imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la jalada gumu, na kwa miaka mingi haikumsumbua mtu. Iliwezaje, basi, kutoa majibu mawili?

Majina ya wahusika nimeyahifadhi kwa sababu pesa za chama ni siri ya chama. Lakini walinikubalia nisimulie kisa chenyewe, na nimeona kinafaa kusomwa na kila mzazi mwenye mtoto anayesomea kompyuta, na kila mwanafunzi anayetamani kutengeneza programu za simu.

Saa tatu zilizopotea

Aliyeitwa kuamua ni kijana aliyeitengeneza programu hiyo. Ni mtoto wa jirani, mwenye diploma ya kompyuta, na amekodi chumba kimoja karibu na soko la Tala. Kama hujawahi kufika huko, panda matatu ya barabara ya Kangundo kutoka Nairobi, upite Ruai, Kamulu, Joska na Malaa. Tala ndiyo utakayoifikia kwanza, na Kangundo iko mbele kidogo. Kijana alifika kwa bodaboda, kipakatalishi mgongoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza kutafuta kosa huku wanawake 24 wakimtazama. Sijui kama kuna mtihani wa chuo unaoweza kuufikia huo.

Kosa lilipatikana kabla ya magharibi. Mama aliyedaiwa ana binti Marekani. Kila tarehe 10, binti akitoka kazini jioni ya huko, humtumia mama yake pesa, na jioni ya huko ni usiku wa manane kwetu. Mama akisikia simu imelia huamka, huwasha taa na kutuma mchango wa chama palepale, kabla pesa hazijapata kazi nyingine. (Anayelea wajukuu anajua jinsi pesa zinavyopata kazi kukikucha.) Kwa hiyo mchango ulikuwa ukiingia, tuseme, saa saba na dakika kumi usiku. Kwa saa ya Kangundo hiyo ni tarehe 11 tayari. Kwa saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, bado ni saa nne na dakika kumi za usiku wa tarehe 10.

Sasa sikiliza. Simu ya mweka hazina ni ya Android. Simu ya mama, aliyoletewa na huyo binti, ni iPhone. Zote mbili zilipokea kumbukumbu ileile ya malipo, kisha kila moja ikapiga hesabu yake. Programu ya Android ilisoma tarehe kwa saa ya Kenya, ya iPhone ikaisoma kwa saa ya Greenwich. Mara saba katika mwaka ule mchango uliingia katika zile saa tatu za katikati, na mara saba simu moja ikaandika faini na nyingine ikanyamaza.

"Mwaitu, hakuna aliyeiba," kijana alimwambia mama, akimwita kama Wakamba wanavyomwita mzazi. "Ni mimi niliyeandika sheria moja mara mbili."

"Na kwa nini uliiandika mara mbili, mwanangu?"

Hilo swali la mama, msomaji, ndilo linalowasumbua watengenezaji wa programu za simu ulimwenguni kote, tangu Tala hadi California.

Lugha mbili za simu

Programu ya simu ni maagizo tu: fanya hiki, kisha kile, na ikiwa tarehe imepita ongeza mia moja. Maagizo hayo, ambayo mafundi huyaita msimbo, huandikwa kwa lugha maalumu. Simu za Android, ambazo ndizo nyingi hapa Kenya, zimezoeshwa programu zilizoandikwa kwa Java au kwa Kotlin, lugha ambayo Google iliikubali rasmi mwaka 2017. iPhone hutumia Swift, iliyotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2014. Msimbo wa huku hauingii kule ulivyo, na anayetaka kuwafikia wateja wa pande zote mbili ana njia mbili: aandike kila kitu mara mbili, au atafute namna ya kuandika mara moja na kugawa.

Kijana wetu alianza na Android. Kisha wanachama watatu walioletewa iPhone na watoto wao wa ng'ambo wakalalamika kwamba wameachwa nje. Akajifunza Swift, akaazima kompyuta ya Mac, akaandika yote upya kwa miezi miwili, akitazama ile ya kwanza na kunakili kwa macho. Aliamini anatengeneza pacha. Kumbe alikuwa amezaa ndugu wawili wanaofanana sura tu.

Tatizo hili si geni, na hapa Kenya tuliwahi kulitatua kwa namna iliyoushangaza ulimwengu, pengine bila wengi wetu kujua. Rudi nyuma hadi Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2005 kwa wateja wa mikopo midogo ya Faulu. Wakumbuke watu wa wakati huo: huyu ana Nokia, yule ana Motorola, mwingine ana Samsung iliyofungwa kwa mpira. Kila simu na skrini yake, kila kampuni na vifaa vyake. Kuandika programu kwa kila aina kungekuwa kazi ya kuhesabu nyota. Tayari kulikuwa na lugha ya Java, iliyoletwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995 kwa ahadi kwamba ukiandika mara moja programu itatumika kokote, lakini mafundi walikuwa wakitania kwamba ukiandika mara moja utarekebisha kila mahali.

Walioibuni M-Pesa waliikwepa simu yenyewe. Programu waliiweka ndani ya laini, ile kadi ndogo ya SIM. Kadi hiyo ni kompyuta ndogo kwa haki yake, na simu karibu zote, hata zile za bei ya chini kabisa, zilijua kuonyesha menyu inayotoka kwenye kadi. Kwa hiyo msimbo mmoja ulitosha. Mwenye simu ya bei ghali mjini na mkulima mwenye mulika mwizi shambani waliona maneno yaleyale: tuma pesa, toa pesa. Ukihama simu, ukihamisha kadi, na M-Pesa imehama nawe.

Njia nyingine iliyo jirani na hiyo ni ile ya kubonyeza nyota, nambari, kisha alama ya reli, kama tunavyofanya kuangalia salio. Hapo simu haina msimbo wowote wa huduma ile. Hesabu yote hufanywa kwenye kompyuta za kampuni, nayo simu huonyesha maneno tu. Hata M-Pesa yenyewe inapatikana kwa njia hiyo, *334#.

Lakini kila nyumba ina mwenyewe. Kadi ya SIM ni mali ya kampuni ya simu, na kijana wa Tala hawezi kuamka asubuhi akaweka programu yake humo. Hata benki kubwa iliona ugumu huo. Mwaka 2014 Equity ilipotaka kuwapa wateja wake huduma ya simu, ilileta kadi nyembamba kama karatasi ya kubandika juu ya kadi ya kawaida, mteja asilazimike kubadilisha simu. Safaricom ikapinga ikisema usalama wa wateja wake uko hatarini, mvutano ukafika hadi bungeni, na Mamlaka ya Mawasiliano ikaruhusu itumike kwa majaribio kwanza. Ugomvi wote huo ulikuwa juu ya swali la nani aruhusiwe kuweka msimbo mahali ambapo simu zote zinaufikia.

Kisha simu za kisasa zikatujia. iPhone ilitoka mwaka 2007, simu ya kwanza ya Android mwaka 2008, na kwetu Kenya wengi wanaikumbuka Huawei IDEOS, ambayo kufikia mwaka 2011 iliuzwa kwa kama shilingi elfu nane. Mlango ukafunguka: sasa kijana yeyote angeweza kuandika programu na kuiweka sokoni bila kumwomba mwenye laini. Lakini pamoja na mlango huo, lile tatizo la zamani likarudi kupitia dirishani.

Wapishi wanne

Niruhusu nitumie mfano wa jikoni, maana nilipokuwa Kangundo nilikaribishwa muthokoi, ule mlo wa mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, na mazungumzo yetu na kijana yalifanyika juu ya sahani. Fikiria umeagizwa kupika muthokoi katika nyumba mbili. Moja ina meko ya mafiga, nyingine ina jiko la gesi.

Mpishi wa kwanza hapiki popote. Hununua chakula kilichopikwa hotelini akakihamishia kwenye sufuria ya mwenye nyumba. Hiyo ndiyo njia ya kuchukua ukurasa wa intaneti ukauvika vazi la programu. Kifaa kilichoitwa PhoneGap kilisifika kwa kazi hiyo. Ni njia nyepesi na ya bei nafuu, lakini mwenye nyumba akionja huhisi kwamba hiki si cha jikoni kwake: kurasa huvutika, vitufe hukawia. Adobe iliinunua kampuni iliyotengeneza PhoneGap mwaka 2011, na mwaka 2020 ikaacha kuiendeleza.

Mpishi wa pili huja na maelezo yake kwenye karatasi, akawaagiza wapishi wa kila nyumba watumie meko yao. Hiyo ni React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015. Msimbo mmoja hutoa amri, kila simu ikachora vitufe vyake yenyewe. Wa tatu ni kama wale wapishi wa harusi wanaokuja na jiko lao, sufuria zao, hadi hema. Hiyo ni Flutter ya Google, iliyofikia toleo lake la kwanza kamili Desemba 2018. Haitegemei vitufe vya simu hata kidogo. Huchora kila kitu wenyewe, kwa hiyo sura hufanana kila mahali. Gharama yake ni mzigo. Programu huongezeka uzito kwa megabaiti kadhaa, na kwa mteja anayenunua data ya shilingi ishirini megabaiti hizo si mchezo.

Mpishi wa nne ndiye aliyenivutia zaidi. Huyu hukoboa mahindi na kuchagua maharagwe mahali pamoja, kwa kipimo kimoja, kisha huacha kila nyumba ipike kwa moto wake. Yaani ubongo wa programu, zile sheria na hesabu, huandikwa mara moja. Uso wa programu, kile mteja anachokigusa kwa kidole, huandikwa kando kwa kila simu. Njia hiyo ikitumiwa na lugha ya Kotlin huitwa Kotlin Multiplatform, na watengenezaji wake, kampuni ya JetBrains, waliitangaza kuwa imekomaa Novemba 2023.

Usidhani kwamba kuandika mara moja ni baraka tupu. Wakubwa wamejaribu wakarudi nyuma. Airbnb, kampuni ya kukodisha nyumba za wageni, iliikumbatia React Native mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatangaza kwamba inaiacha. Ilikuwa imetarajia mahali pa mafundi wa aina mbili wawepo wa aina moja. Badala yake ikajikuta na pande tatu za kutunza: Android, iPhone, na hiyo ya kuziunganisha. Dropbox nayo, kampuni ya kuhifadhi faili, iligawana msimbo wa lugha ya C++ kati ya simu za aina mbili kwa miaka kadhaa tangu 2013. Mwaka 2019 ikaeleza kwa nini iliacha: ililazimika kujitengenezea vifaa ambavyo wenzake hupewa bure, na kila fundi mwenye ujuzi huo adimu alipoondoka, kumpata mwingine ikawa shida. Upande wa pili, Shopify ilitangaza mwaka 2020 kwamba programu zake mpya za simu itaziandika kwa React Native. Kwa hiyo hata huko kwa wenye mali hakuna hukumu moja.

Mimi nikisoma visa hivyo naona jambo ambalo washauri wengi hulipita. Airbnb na Dropbox zina mafundi wa kutosha kuweka kundi upande huu na kundi upande ule, na makundi hayo yakakaguana. Kijana wa Tala yuko peke yake. Akiandika mara mbili, hakuna wa kumkagua. Anakosea mara mbili, tena makosa tofauti. Ushauri uliotolewa kwa kampuni ya mafundi mia huweza kumpoteza mtu mmoja mwenye kipakatalishi kimoja. Mwanafunzi unayesoma makala haya, ukiambiwa kwamba njia fulani imekataliwa na wakubwa, uliza kwanza wakubwa hao walikuwa wangapi chumbani.

Hesabu moja, mahali patatu

Tulirudi kwenye swali la chama. Niliuliza lile ambalo huenda nawe unaliwaza: si hesabu ifanyiwe mahali pamoja, kwenye seva, simu zionyeshe jibu tu, kama zile huduma za nyota na reli? Kijana alicheka. Alinionyesha mahali chama kinapokutania, chini ya mwembe kwenye mteremko wa matuta, yale matuta ya kuzuia mmomonyoko ambayo Wakamba waliyachimba kwa mikono katika vikundi vya mwethya. Mtandao hapo huja na kuondoka kama mbwa wa jirani. Mweka hazina akipokea pesa taslimu anataka kuona salio papo hapo, kuwe na mtandao kusiwe na mtandao. Kwa hiyo simu haina budi kuhesabu yenyewe.

Lakini seva nayo ilihitajika. Katika wanachama 24, kumi na watano wana simu za Android, watatu iPhone, na sita wana mulika mwizi. Hao sita walikuwa hawaoni programu kabisa. Walitegemea kuulizia, na nadhani ndio walionong'ona zaidi siku ile. Sasa kila mwezi seva huwapigia hesabu na kuwatumia ujumbe mfupi. Basi sheria ileile ya faini ilitakiwa mahali patatu: Android, iPhone na seva. Kama angeendelea kwa mtindo wa kwanza, angeiandika mara tatu.

Alichofanya ni kukaa wiki tatu akiing'oa sheria hiyo kutoka kwenye programu zote mbili na kuiandika mara moja tu, kwa Kotlin, ambayo huweza kutafsiriwa ikatumika kwenye Android, kwenye iPhone na kwenye seva. Skrini hakuzigusa. Mama wa iPhone anaendelea kuona vitufe alivyovizoea, mweka hazina vivyo hivyo. Nyuma ya vitufe, hesabu ni ya kichwa kimoja.

Kisha akafanya jambo ambalo ningependa walimu wa vyuo walisikie. Alilichukua daftari la jalada gumu, akachagua malipo arobaini ya miaka iliyopita, yakiwemo ya usiku wa manane, ya mwisho wa mwezi na ya tarehe 29 Februari, akayageuza kuwa mitihani. Kila akibadilisha kitu, mitihani hiyo arobaini hupigwa yenyewe kwenye sehemu zote tatu. Jibu likitofautiana na la daftari, programu haitoki. Maandishi ya mkono ya mweka hazina, ambaye hakupita darasa la nane, ndiyo sasa yanayosahihisha kompyuta.

Palibaki suala la gharama, na hapo msimbo hausaidii. Kuweka programu kwenye soko la Google hulipiwa dola 25 mara moja tu maishani. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, ambazo kwa viwango vya karibuni ni zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili. Isitoshe, hata ukiwa umeandika kila kitu mara moja, toleo la iPhone halikamiliki bila kompyuta ya Mac, iwe yako, ya kuazima, au ya kukodi kwa mtandao. Mwaka wa kwanza kijana alilipa kutoka mfukoni mwake bila kumwambia mtu. Mwaka wa pili hakuweza.

Mambo yalipelekwa mkutanoni mwezi wa Januari, nami nilikuwepo, nimekaa kando na kikombe changu. Je, ni haki wanachama 24 walipe elfu kumi na mbili kwa ajili ya simu tatu? Mmoja alisema kwa ukali kwamba aliyenunuliwa farasi amnunulie na nyasi. Mwingine akajibu kwamba watatu hao ndio ambao watoto wao wa ng'ambo huchangia harambee za chama bila kuombwa. Baada ya saa nzima wakaafikiana: wenye iPhone watalipa nusu, chama kitalipa nusu, kwa mwaka mmoja, kisha watazame tena. Mmoja wa hao watatu akasema yeye hahitaji, ujumbe mfupi unamtosha, atumiwe kama wenzake wa mulika mwizi. Wakabaki wawili.

Kabla ya kufunga, kijana aliomba dakika moja. Msimbo sasa ni mmoja, alisema, lakini ndani yake kuna jambo asiloweza kuliamua yeye. Mchango wa mama yule ukiingia saa saba usiku, Kangundo ni tarehe 11, ila kule uliko mkono wa binti aliyetuma pesa, bado ni jioni ya tarehe 10. Sheria ya kwenye daftari inasema tarehe 10 tu. Tarehe 10 ya wapi?

Pakawa kimya. Nadhani hakuna aliyewahi kufikiri kwamba tarehe ina mahali. Mama mwenyewe ndiye aliyesimama kwanza. Akasema chama ni cha Kangundo, jua lake ni la Kangundo, na ile mia saba ataitoa. Mweka hazina, yeye aliyekuwa ameitwa mwizi mwezi mmoja nyuma, akainua mkono akapendekeza kwamba faini za mwaka uliopita zifutwe kwa wote, na kuanzia sasa mwisho uwe saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 11, ili anayeamka usiku kwa sababu ya mtoto wa mbali asiumie. Mikono ishirini na mmoja ikainuka.

Kijana alifungua kipakatalishi palepale chini ya mwembe, akabadilisha mstari mmoja. Mitihani yake ikapigwa. Minne ikakataa, kwa kuwa daftari lilikuwa bado na sheria ya zamani, ikabidi mweka hazina atafute kalamu.